Mafuta Yanayozeeka: Historia ya Swali Moja, kutoka Ngazi za Maniema hadi Mashine za Haidroliki

1.0 Utangulizi

Katika sekta ya Obokote, kama ilivyo katika sehemu nyingi za jimbo la Maniema ambalo makao yake makuu ni Kindu, mafuta mekundu ya mchikichi ni kitu cha kila siku. Huungwa katika mboga, huuzwa sokoni na hupelekwa safarini. Kila anayeyanunua hufanya jambo moja kabla ya kutoa fedha: huyanusa, na pengine huyaonja. Anataka kujua mafuta hayo yana umri gani na yatadumu kwa muda gani. Kitendo hicho ni utabiri, ijapokuwa hakiitwi hivyo.

Swali hilohilo limewashughulisha wahandisi wa Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1980, walipoanza kurudisha mafuta ya mimea katika mashine za haidroliki. Hizi ni mashine kama tingatinga, jeki na winchi za kuvutia magogo, ambazo hutumia kimiminika kilichoshindiliwa kubeba nguvu kutoka katika pampu hadi kwenye mkono unaofanya kazi. Mafuta ya mimea yalipendwa kwa sababu yanapomwagika ardhini huliwa na vijidudu na kutoweka. Lakini sifa hiyo ilileta shaka. Je, mafuta yanayooza upesi nje ya mashine yatadumu kwa muda gani ndani yake?

Makala hii inafuatilia historia ya swali hilo kwa kuyaandama mafuta ya mawese. Hoja yake ni kwamba kuzeeka kwa mafuta hakujawahi kuwa jambo moja. Kila kizazi kilipima uzee kulingana na kazi kilichotaka mafuta yafanye, na kipimo kilichofaa kazi moja kilipotosha katika kazi nyingine. Historia ya Kongo inaonyesha pia kwamba mzigo wa kupunguza uzee huo haukuwaangukia wapimaji, bali wale waliopanda michikichi na kukata ngazi.

2.0 Msamiati wa uzee

Inafaa kuanza na maneno yenyewe. Msomaji wa pwani asikiapo neno ngazi hufikiria chombo cha kupandia. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo neno hilo ni la kawaida kwa tunda la mchikichi. Mafuta yatokayo katika nyama ya tunda huitwa mawese, na jina hilo linafahamika pande zote mbili za Ziwa Tanganyika. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858 pamoja na John Speke, aliandika juu ya mchikichi na mafuta yake, na tangu zamani mafuta hayo yalikuwa bidhaa ya kubadilishana kando ya ziwa hilo.

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuelezea mafuta yaliyoharibika. Mafuta yaliyochacha yana ukali wa uchachu, na ulimi ndio unaoyatambua. Yaliyovunda yana harufu mbaya, na hayo hutambuliwa na pua. Yaliyoganda yamebadilika umbo, na hayo huonekana kwa jicho. Maneno haya si visawe. Mafuta yaweza kuganda kwa baridi ya alfajiri bila kuchacha, na yaweza kuchacha bila kuganda. Mtumiaji wa kawaida hutofautisha mambo ambayo maabara za Ulaya zilichukua muda mrefu kuyatenga.

Watengenezaji wa mawese wanajua pia chanzo cha uchachu. Ngazi zilizopondeka, au zilizokaa siku nyingi chini ya mchikichi kabla ya kuchemshwa, hutoa mafuta makali. Sababu yake ni kimeng'enya kilichomo katika nyama ya tunda. Tunda linapochubuka, kimeng'enya hicho hukutana na mafuta na kuyavunja, kikiziacha huru asidi zilizokuwa zimefungwa. Moto wa chungu hukiua. Ndiyo maana kuchemsha mapema ni sehemu ya ufundi wa kuyahifadhi mafuta, mbali na kulainisha tunda kabla ya kulitwanga kinuni.

3.0 Mawese katika mashine za karne ya 19

Kabla ya petroli kuchimbwa kwa wingi, mashine za Ulaya zilitegemea mafuta ya wanyama na mimea. Baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, wafanyabiashara wa Liverpool waligeukia mawese ya Afrika ya Magharibi. Mafuta hayo yaliingia katika sabuni na mishumaa. Yaliingia pia katika viwanda vya mabati ya Wales, ambako yalikinga karatasi za chuma kabla ya kuchovywa katika risasi nyeupe, yaani bati. Reli za Uingereza nazo ziliyachanganya na shahamu, magadi na maji ili kulainisha ekseli za mabehewa. Kwa hiyo, miongo mingi kabla ya reli kufika Kindu, mafuta ya mchikichi yalikuwa yamekwisha kuzungusha magurudumu ya reli za wengine.

Katika kipindi hicho sayansi ya kuzeeka kwa mafuta ilianza kujengwa. Mwaka 1823 Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha uchunguzi wake mkubwa juu ya mafuta, akionyesha kwamba yameundwa na asidi zilizounganishwa na gliserini. Karibu na wakati huo, Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva alichunguza jinsi mafuta ya mjozi yanavyofyonza hewa. Aliyaacha katika oksijeni na kupima kiasi kilichofyonzwa. Katika miezi 8 ya mwanzo mafuta yalifyonza oksijeni mara 3 tu ya ujazo wao. Kisha, katika siku 10 zilizofuata, yalifyonza mara 60.

Jaribio hilo lastahili kukumbukwa na kila anayetaka kutabiri uzee wa mafuta. Mtu ambaye angepima kwa miezi 8 na kuchora mstari ulionyooka kuelekea mbele angesema mafuta haya yatadumu miaka mingi. Angekosea ndani ya wiki mbili. Mafuta hukaa kimya kwa muda mrefu, kisha hugeuka kwa ghafla. Kimya hicho kinadumu maadamu vizuizi vya asili vilivyomo katika mafuta bado havijatumika vyote. Vikiisha, kila chembe iliyoharibika huharibu nyingine.

Kuchimbwa kwa kisima cha Edwin Drake huko Pennsylvania mwaka 1859 kulibadilisha mambo. Mafuta ya madini hayana kifungo cha asidi na gliserini ambacho maji yanaweza kukifungua, na hushambuliwa na oksijeni polepole zaidi. Kadiri mashine zilivyozidi kuwa na joto na mwendo, ndivyo mafuta ya mimea yalivyosukumwa pembeni. Mashine za haidroliki zilipitia njia yao wenyewe. Shinikizo la Joseph Bramah la mwaka 1795 na kreni za William Armstrong za miaka ya 1840 zilitumia maji. Mwaka 1906 meli ya kivita ya Marekani Virginia ilifungwa mitambo ya haidroliki iliyotumia mafuta kugeuza mizinga yake, na tangu hapo mafuta ya madini yakatawala. Hata hivyo mafuta ya mimea hayakutoweka kabisa. Breki za kwanza za haidroliki za magari, zilizoenea katika miaka ya 1920, zilitumia mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na alkoholi.

4.0 Asidi kama bei: Kongo ya Kibelgiji

Wakati mashine za Ulaya zilipokuwa zikiyaacha mawese, viwanda vya sabuni na vya siagi ya mimea viliyahitaji zaidi. Tarehe 14 Aprili 1911 serikali ya Ubelgiji ilitia sahihi mkataba na William Lever, mwenye viwanda vya sabuni vya Uingereza. Mkataba huo uliipa kampuni yake, Huileries du Congo Belge, haki katika maeneo matano ya duara, kila moja likiwa na nusu kipenyo cha kilomita 60. Maeneo hayo yalikuwa Bumba, Barumbu, Lusanga, Basongo na Ingende, na Lusanga ikapewa jina la Leverville. Maniema haikuwamo, lakini kanuni za ubora zilizoongoza soko la mafuta ya Kongo zilitokana na biashara ya namna hiyo.

Katika biashara hiyo uzee wa mafuta ulipimwa kwa namba moja, yaani asilimia ya asidi huru. Mafuta yenye asidi kidogo yalikuwa na bei ya juu, na yenye asidi nyingi yalipunguziwa bei. Hadi leo mikataba mingi ya mawese ghafi huweka kikomo cha asilimia 5. Kipimo hicho kilifaa kazi yake, kwa sababu kilimwambia mnunuzi ni kiasi gani cha mafuta kitapotea atakapoyasafisha.

Namba hiyo ilikuwa pia amri ya kazi. Kwa kuwa asidi huongezeka tangu ngazi inapoangushwa, kiwanda kilihitaji tunda lifike mapema kwenye mvuke wa kuliua kimeng'enya. Haraka hiyo ilimwangukia mkwezi wa michikichi na familia iliyobeba ngazi kichwani. Katika eneo la Kwango na Kwilu, kulazimishwa kukata ngazi pamoja na kushuka kwa bei kulichangia uasi wa Wapende mwaka 1931, ambao ulizimwa kwa mamia ya watu kuuawa. Mwaka 1942, Japani ilipokwisha kuiteka Malaya na visiwa vya Indonesia, Washirika walikosa mafuta na mpira wa Asia. Serikali ya koloni ikaongeza siku za kazi za lazima vijijini hadi 120 kwa mwaka. Historia ya kipimo cha asidi haikamiliki bila kuwataja waliokimbizwa nacho.

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyoona kazi mbili za kisayansi zenye uzito mkubwa. Ya kwanza ilifanyika Yangambi, karibu na Kisangani, katika taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walieleza urithi wa unene wa ganda la mbegu ya mchikichi. Walionyesha kwamba aina ya tenera, yenye nyama nyingi na ganda jembamba, ni chotara wa dura na pisifera. Ugunduzi huo uliofanywa katika msitu wa Kongo ndio msingi wa mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia.

Kazi ya pili ilihusu mashine. Tarehe 31 Agosti 1937 G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya Ubelgiji namba 422,877 kwa njia ya kuyageuza mafuta ya mimea kuwa esta za ethili ili yatumike katika injini. Badala ya kuyatia mawese katika injini yakiwa mazito, alikifungua kifungo cha gliserini na kuziunganisha asidi zake na alkoholi. Katika kiangazi cha 1938 basi la abiria lililotumia mafuta hayo lilisafiri kati ya Brussels na Leuven. Mwaka 1942 M. van den Abeele alichapisha ripoti ndefu juu ya kazi hiyo katika jarida la kilimo la Kongo ya Kibelgiji. Wazo la msingi lilikuwa kwamba koloni iliyo mbali na bahari, inayoagiza petroli kutoka ng'ambo, yaweza kuendesha injini zake kwa mafuta ya miti yake.

Vita vilipokwisha petroli ilirudi kwa bei nafuu, na wazo hilo likawekwa kando. Hata hivyo esta ya Chavanne ni ndugu wa karibu wa vimiminika vya haidroliki vilivyokuja nusu karne baadaye.

5.0 Kurudi kwa mafuta ya mimea

Kilichoyarudisha mafuta ya mimea katika haidroliki ni maji ya kunywa na misitu ya Ulaya. Bomba la tingatinga linapopasuka msituni, lita nyingi humwagika kwa dakika chache, na mafuta ya madini hukaa ardhini kwa muda mrefu. Ujerumani ilianzisha alama ya mazingira ya Malaika wa Buluu mwaka 1978, ambayo baadaye iliyahusu pia mafuta ya haidroliki. Mwaka 2002 kiwango cha kimataifa cha ISO 15380 kilivigawa vimiminika hivi katika makundi manne: mafuta halisi ya mimea, esta zilizoundwa viwandani, poliglikoli, na hidrokaboni sanisi. Ili kukubaliwa, kimiminika sharti kiliwe na vijidudu kwa angalau asilimia 60 ndani ya siku 28.

Hapa ndipo mgongano unapoonekana wazi. Kimiminika hicho kinatakiwa kife upesi nje na kiishi muda mrefu ndani. Tena, mlango unaotumiwa na vijidudu ndio unaotumiwa na uzee. Kifungo cha esta ambacho vimeng'enya vya vijidudu hukifungua ardhini ndicho kifungo ambacho maji yaliyoingia katika tangi hukifungua taratibu na kuacha asidi. Viungo viwiliviwili vya asidi za oleiki, linoleiki na linoleniki hushambuliwa na oksijeni, na asidi ya linoleniki hushambuliwa kwa kasi mara nyingi zaidi kuliko ya oleiki. Mafuta yaliyozeeka kwa njia ya kwanza huchacha na kula shaba. Yaliyozeeka kwa njia ya pili huongezeka mnato, hufanya gundi na kuziba vali.

Majaribio yaliyobuniwa kutabiri uzee huo hufuata kanuni moja. Mafuta hupashwa joto kali pamoja na hewa na metali, kisha huhesabiwa saa hadi yaharibike. Katika jaribio mashuhuri la Marekani mafuta ya madini huwekwa kwenye nyuzi 95 za Selisiasi pamoja na maji, chuma na shaba huku oksijeni ikipulizwa ndani. Jaribio hukoma asidi inapofikia miligramu 2 za potasi kwa gramu moja ya mafuta. Kwa vimiminika vya esta hutumika namna isiyo na maji, kwani maji huyavunja mapema mno. Kutoka hapo hesabu hurudishwa kwenye joto la kawaida kwa kutumia mlinganyo wa Svante Arrhenius wa mwaka 1889, ambao mafundi wameufupisha hivi: kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya kuzeeka huongezeka maradufu. Kwa kanuni hiyo, saa 1,000 za maabara kwenye nyuzi 95 zingekuwa saa 8,000 katika tangi lenye nyuzi 65.

Hesabu hiyo ni ya kuvutia, lakini ina kasoro tatu. Kwanza, huchukulia kwamba mageuzi yanayotokea kwenye joto kali ndiyo yatakayotokea kwenye joto la kazi, jambo ambalo si lazima liwe kweli. Pili, husahau maji: jaribio lililoyaondoa maji haliwezi kusema lolote juu ya uzee uletwao na maji. Tatu, ni funzo la de Saussure. Maadamu vizuizi havijaisha, namba ya asidi huonyesha utulivu ambao si dhamana. Ndiyo maana wapimaji makini hawaitegemei asidi peke yake, bali huchukua sampuli mara kwa mara na kulinganisha mnato, maji, metali na kiasi cha vizuizi kilichobaki.

Ulinganisho mmoja watosha kuonyesha jinsi kipimo kinavyobadilika maana. Mawese ghafi yenye asidi huru ya asilimia 5, yanayokubalika sokoni, yana takriban miligramu 11 za potasi kwa gramu. Hiyo ni zaidi ya mara 5 ya kikomo kinachohitimisha jaribio la mafuta ya mashine. Mafuta yaleyale ni mema mbele ya mtengeneza sabuni na ni mzee mbele ya mwenye pampu.

6.0 Kurudi Maniema

Viwango hivi viliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Ulaya ilichagua mafuta ya rapa kwa sababu hubaki majimaji wakati wa baridi, ingawa yana asidi ya linoleniki inayozeeka upesi. Mawese yana sifa iliyo kinyume. Karibu nusu ya asidi zake hazina viungo viwiliviwili, na kwa hiyo hustahimili oksijeni vizuri zaidi, lakini huanza kuganda kwa sehemu hata katika asubuhi ya Kindu. Mawese ghafi, basi, si kimiminika cha haidroliki. Sharti yasafishwe asidi yake, yatenganishwe sehemu yake ya majimaji au yageuzwe kuwa esta, kama alivyofanya Chavanne.

Jambo la pili ni muda wa njiani. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilijenga njia ya vipande. Kulikuwa na reli ya kilomita 125 kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, kisha meli hadi Kindu, kisha reli ya kilomita 355 hadi Kongolo, kisha mto tena. Katika kila kituo mzigo ulishushwa na kupakiwa upya. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 njia hiyo ilidhoofika, na vita vya 1998 hadi 2003 viliikatiza. Pipa linaloelekea sehemu kama Obokote lingali na safari ndefu yenye joto na unyevu. Kwa mafuta ya madini kukawia huko ni hasara ndogo. Kwa esta inayoogopa maji, uzee huanza kabla pipa halijafunguliwa, na saa za maabara haziuhesabu uzee huo.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba utabiri wa kuzeeka kwa mafuta ulianza kama ujuzi wa ulimi na pua, ukawa namba ya bei, kisha ukawa namba ya saa. Kila hatua iliongeza usahihi kwa kazi moja na kuacha nje kitu fulani: jasho la mkwezi, maji ndani ya tangi, au safari ya pipa. Kwa wanafunzi wa lugha kuna funzo pia. Istilahi ya "kuzeeka" ni pana na inafaa, lakini waundaji wa istilahi wasiiruhusu iyafunike maneno kuchacha, kuganda na kuvunda, ambayo yanatenganisha mambo ambayo mhandisi anahitaji kuyatenganisha.

Kwa Maniema swali si la kinadharia. Mito ya jimbo hilo ndiyo maji ya kunywa na ndiyo kitoweo, na kimiminika kinachokufa upesi kikimwagika kina faida huko kama kilivyo nayo Ulaya. Lakini utabiri wa maisha yake utafaa tu ukipimwa katika joto la huko, unyevu wa huko na muda wa safari wa huko. Ujuzi wa kuanzia upo. Anayenusa mawese sokoni hasomi umri wa mafuta peke yake. Anasoma pia jinsi ngazi zilivyokatwa, zilivyochemshwa na zilivyosafirishwa, na hayo ndiyo mambo ambayo jaribio la maabara likiyaacha, namba yake haiwezi kutegemewa Obokote.